Supu Baridi ya Ijumaa ya Tano

Wiki iliyopita, katika soko la viungo hapa Jeddah, muuzaji alinichotea kijiko cha pilipili ya moshi, ile nyekundu ya Wahispania, ninuse kabla ya kununua. Nilinusa, nikasahau kununua. Nilisimama na kijiko chake puani hadi akaniuliza, "Madam, mafi mushkila?" Nikamwambia hakuna tatizo. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi jikoni kwetu, ghorofa ya tatu, nina miaka minane, na nina siri?

Baba alikuwa karani wa shehena katika kampuni moja ya mizigo bandarini. Alizaliwa Tanga, na Jeddah alikuja na tabia moja ambayo haikumtoka: kila jambo liandikwe. Aliandika siku tuliyobadilisha mtungi wa gesi. Aliandika urefu wetu ukutani, nyuma ya mlango. Mama alitoka Pangani na hakuandika chochote. Vyote vilikuwa kichwani na mikononi. Hakuwa na ajira, lakini Waswahili wa Jeddah hawakuozesha wala kusoma hitima bila Mama kuitwa kushika mwiko. Walipomwita walimwita "fundi", naye akijifanya hajasikia ili waite mara ya pili. Kaka yangu Nassoro alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua kila kitu.

Jioni moja Baba alirudi kazini akasimama sebuleni bila kuvua viatu. Kampuni ilitaka kumpeleka Hispania kwa miezi mitatu, kwenye bandari moja ya kusini, ajifunze mfumo mpya wa kupanga makontena. Na sisi tungeweza kumfuata shule zikifungwa.

"Ikiwa viza zitatoka," alisema.

"Ikiwa viza zitatoka," Mama aliitikia, kama anayesema amina.

Nassoro aliruka juu ya kochi. Mimi nikaruka kwa sababu Nassoro ameruka. Nilikuwa sijui Hispania iko upande gani wa dunia, lakini nilijua mambo mawili: kuna ndege, na Nassoro anakwenda.

Siku chache baadaye Baba alikuja na karatasi. Kazini alikuwa na rafiki, Bwana Tomasi, fundi wa kreni, Mreno aliyeoa Mhispania, mtu ambaye kwa maelezo ya Baba aliweza kuzungumzia chakula saa nzima akiwa amening'inia juu ya meli. Aliposikia habari ya safari aligeuza fomu ya shehena, akaandika nyuma yake vyakula vyote ambavyo mtu asithubutu kurudi bila kuvila. Alivipanga kama njia ya msafiri: unaanzia kusini Andalusia kwenye joto, unapanda pwani ya mashariki hadi Valensia, unakata hadi Galisia ile pembe ya kaskazini kwenye mvua, kisha unateremka Ureno. Kila mji na sufuria yake.

Baba alikaa na kalamu nyekundu. Chenye nguruwe, alikata. Kilichopikwa kwa mvinyo, alikata. Robo tatu ya orodha ikafa palepale mezani. Vilivyobaki vilikuwa sita, na Baba akavipa namba mpya kwa kufuata urahisi wa kupata vitu sokoni, akatangaza kwamba kila Ijumaa baada ya sala tutapika kimoja.

"Si tusubiri tukale hukohuko?" Nassoro aliuliza.

Baba alimtazama Mama. Mama akamsukumia Nassoro kisu. "Kata vitunguu."

Mtazamo ule niliuona. Nilikuwa mtoto wa kuona vitu. Tatizo langu lilikuwa kuviunganisha.

Hebu nieleze nilivyoviunganisha, kwa sababu hata leo naona nilikuwa na ushahidi mzuri. Miezi michache kabla tulikuwa tumepelekwa kupimwa kwa ajili ya ikama, kile kibali cha kukaa ambacho bila hicho hakuna shule wala nyumba. Tulitolewa damu, tukaangaliwa macho, tukapigwa picha za kifua, na watu wazima wote waliokuwa kwenye foleni walizungumza kwa sauti ya chini juu ya fulani aliyefeli akarudishwa kwao. Kwa hiyo nilijua: serikali haikuingizi nchini mwake bila kukupima. Sasa Baba alisema kila Ijumaa atakaa na daftari, sisi tule, naye atuulize mmojammoja, "Umeionaje?" na kuandika alama, sifuri hadi kumi. Na juu ya yote, siku ileile ya orodha, nilipokunja uso kwa ajili ya zeituni moja, aliniambia, "Usikunje uso, mwanangu. Kule watu watakuona."

Nilimfuata Nassoro chumbani. "Kaka, huko kwenye viza watatupa chakula tuonje?"

Alinitazama. Naona sasa jinsi furaha ilivyompanda usoni kama maziwa yanayotaka kufurika, lakini wakati ule nilidhani ni uso wa mtu anayekumbuka jambo zito.

"Nani kakwambia?"

"Nimejua mwenyewe."

"Basi nyamaza," alisema. "Wanakaa nyuma ya kioo. Wanakupa kijiko, wanakutazama uso. Ukikunja tu, halas. Wengine wanapanda ndege, wewe unabaki Riyadh na Ami Salumu."

Ami Salumu, mdogo wake Baba, alikuwa dereva wa familia moja ya Riyadh na aliishi huko mtaa wa Batha, kwenye chumba kimoja na wanaume wengine watatu. Nilimpenda sana Ami. Sikutaka kuishi naye.

Basi kila Ijumaa kwangu ikawa mtihani wa majaribio, na nikaanza kula kama mtu anayepigania nafsi yake.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa rahisi mno. Baba alisoma: viazi vikaangwe polepole kwa mafuta ya zeituni, vimwagiwe mayai, vigeuzwe. Mama aliweka mikono kiunoni.

"Chipsi mayai," alisema.

"Inaitwa tortiya."

"Baba Nassoro, mimi ni mtu wa Pangani. Hii ni chipsi mayai. Pale stendi kuna kijana anaipika usingizini."

"Kijana wako anaigeuza kwa sahani?"

Hapo ndipo Mama alipokubali changamoto. Alifunika kikaango kwa sahani, akapindua kwa nguvu, na nusu ya tortiya ikatua sahanini, nusu juu ya jiko. Tulicheka hadi Nassoro akakaa sakafuni. Iliyobaki ilikuwa nene kama mto, laini katikati, na nilimpa Baba uso usio na mkunjo hata mmoja. Kumi.

Ya pili ilikuwa wali wa Valensia, paeya, unaopikwa kwenye chombo kipana kisicho na kina. Hatukuwa nacho. Tulitumia sinia la kabsa, ule wali wa nyama wa Kisaudi, juu ya moto wa mafiga mawili ya gesi. Baba alisimama na simu akitazama video, akitoa amri: kamba, ngisi, zafarani, supu ya samaki, na kuanzia hapo mtu asiuguse wali. Asikoroge. Asifunike.

"Asifunike!" Mama alisema. "Wali utaiva kwa aibu?"

"Ndivyo wanavyofanya."

"Huu ni pilau uliokosa malezi." Lakini alisimama pale akiusikiliza, kweli, kwa sikio, hadi ulipoanza kutatarika chini, akazima moto bila kuambiwa. Tulipokwangua sinia tulikuta ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu, na Baba akasoma kwamba kule Valensia ukoko huo ndio unaogombewa na wageni wa heshima. Mama alikaa. Maisha yake yote alikuwa akiona wakubwa wakiwaachia watoto ukoko. "Basi," alisema taratibu, "kuna watu wenye akili huko."

Siku ya tatu ilikuwa ya pweza wa Kigalisia, na hapo hatukuhitaji video. Kwenye soko la samaki Mama alimchagua pweza kama anayemchagua mkwe, akampiga, akamchemsha, akamkata vipande vya duara juu ya viazi, akanyunyiza chumvi ya mawe na ile pilipili ya moshi ambayo Bwana Tomasi alitupa kwenye kopo. Harufu ilijaza ngazi nzima. Tulikula. Ilituingia wote kwamba kwenye pembe ya mwisho ya Ulaya, kwenye mvua na baridi, kuna mtu anakaa kula pweza kama sisi, tofauti tu yeye hana nazi.

Ya nne tulikula samaki wa Ureno, yule wa chumvi aliyekaushwa kama ubao. Bwana Tomasi alimletea Baba amefungwa kwenye magazeti. Mama alimloweka siku mbili akibadilisha maji. Harufu yake ilimleta jirani yetu Mmisri mlangoni kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Mama alimwonyesha samaki. Jirani alirudi kwake haraka. "Ng'onda," Mama alituambia, akimgeuza yule samaki kwenye mwanga. "Hawa Wareno tumegombana nao miaka mia ngapi, kumbe wanakula ng'onda." Alimchambua, akamchanganya na viazi vyembamba kama njiti na mayai, na sijawahi kula kitu kilichonifanya nijisikie kwetu kiasi kile nikiwa mbali na kwetu. Kumi. Nilianza kujiona nimeshapanda ndege.

Ndipo ikaja Ijumaa ya tano.

Kilikuwa kiangazi cha Jeddah, unajua kilivyo: unafungua dirisha, hewa inaingia kama mtu aliyekasirika. Baba alisema siku hiyo hatuwashi jiko. Nyanya, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu kibichi, mkate uliolala, mafuta ya zeituni, siki ya tufaha. Vyote kwenye blenda, kisha friji. Gaspacho ya Andalusia. Wakulima huinywa shambani jua likiwa kali.

Wote waliipenda. Nassoro aliomba ya pili. Mama alisema inateremka kifuani kama habari njema. Mimi niliweka kijiko mdomoni na mwili wangu mzima ukakataa. Ilikuwa mchuzi, na ilikuwa ya baridi, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kinywani mwangu. Kwetu mchuzi uliopoa ni wa mtu aliyechelewa, au aliyenuniwa. Kitunguu saumu kilinichoma puani. Nilihisi uso wangu ukijikunja wenyewe, kuanzia kidevuni kupanda, na ng'ambo ya meza Nassoro akainua nyusi akasema bila sauti, kwa midomo tu: *Ami Salumu.*

Nilibeba bakuli nikasema nakwenda kula nikitazama katuni. Nilipita sebuleni, nikaingia chooni, nikaimwaga, nikavuta maji mara mbili.

"Umemaliza?" Baba aliuliza.

"Nimemaliza."

"Umeionaje?"

"Tamu."

Akaandika tisa. Kalamu ile niliisikia hadi kwenye meno. Sikuwa mtoto mwongo, na kuanzia siku hiyo nilijua kitu ambacho hakuna mwingine alikijua: kwamba familia nzima imefaulu isipokuwa mimi, na kwamba daftari la Baba, daftari ambalo halikuwahi kukosea, lina tisa moja ya uongo. Ijumaa ya sita, tulipokula vile vikombe vidogo vya Lisboni vya unga mwembamba vilivyojazwa maziwa, mayai na sukari na kuunguzwa juu, nilivila saba na sikuisikia ladha.

Miadi ya viza ilikuwa Riyadh. Tulipanda basi baada ya sala ya alfajiri, na njia nzima ya jangwani nilijizoeza uso kwenye kioo cha dirisha. Batha tulifika magharibi. Ami Salumu alitupokea katikati ya msongamano wa watu wanaotuma pesa kwao, wanaouza saa, wanaopakia mizigo kwenye mabasi, akanibeba begani akisema, "Huyu ndiye atabaki na mimi!" Alikuwa anatania. Nililia hadi kola yake ikalowa.

Wenzake walikuwa wamehama kwa siku hizo ili tupate chumba. Waliacha mtungi wa achari, figili na karoti zilizokaa kwenye siki hadi zimekuwa kali kama wembe. Nilichukua kipande nikatafuna mbele ya kioo chao cha kunyolea ndevu, nikijikaza. Kingine. Kingine. Ami alinikuta.

"Una nini wewe?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kesho."

Alimwambia Mama kwamba mtoto ana homa.

Asubuhi sikugusa mkate. Nilikuwa nimefikiri: mwenye njaa hula chochote. Ofisi ya viza ilikuwa na zulia, ubaridi mkali, na vioo. Nilipoviona vile vioo nikajua Nassoro hakuwa amedanganya. Namba yetu ilipoitwa tulisimama wote wanne mstari mmoja. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na pembeni yake karani Msudani wa kutafsiri. Yule mama alimuuliza Baba kwa Kiingereza juu ya mkataba, mshahara, nyumba, tarehe ya kurudi. Baba alijibu kila swali kwa karatasi, kabla halijaisha. Tukaweka vidole kwenye mashine. Yule mama akakusanya pasipoti zetu, akazigonga mezani zilingane.

"Asanteni. Mtapigiwa simu."

Baba aliinama kuchukua mkoba. Mama alinishika mkono. Sikusogea.

"Bado kula," nilisema.

"Twende," Mama alisema.

"Mama, bado hawajatupa tule!"

Nyuma yangu nilimsikia Nassoro akivuta pumzi. Nikaelewa, kwa namna yangu: hawaniletei kijiko kwa sababu wanajua tayari. Nikamgeukia yule karani Msudani, nikamwambia yote kwa Kiarabu cha shule, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Kwamba tortiya nimekula, na wali, na pweza, na samaki wa chumvi, na vikombe vya Lisboni saba, lakini supu baridi niliimwaga chooni, na Baba aliandika tisa lakini ni sifuri, na si kosa lake, wasimnyime yeye, wala Mama, wala Nassoro, wanipe mimi kijiko sasa hivi nitaimeza.

Karani alifuta macho, na sikujua kama analia au anacheka. Alimtafsiria yule mama. Nilimwona akivua miwani.

"Mmepika vyote hivyo?" alimuuliza Baba. Kiingereza nilikielewa, ndiyo lugha ya shule yetu. "Huko Jeddah? Kwa nini? Si mnakwenda kuvila?"

Nilimwangalia Baba. Alikuwa na jibu la kila kitu na karatasi ya kila jibu. Mara hii aliuweka mkoba chini.

"Madam," alisema, "nilidhani mtanipa mimi peke yangu. Wenzangu wengi wamekwenda peke yao. Sikutaka nirudi niwasimulie watoto wangu chakula ambacho hawajakionja."

Mama alikuwa anatazama zulia. Alijua, tangu siku ya kalamu nyekundu alijua. Nassoro hakujua. Alikuwa amekunja mdomo, na alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kunisukuma. Na mimi nikaiona upya kila Ijumaa, Mama akisikiliza wali, Baba ameshika simu juu ya mvuke. Wazazi wangu walikuwa wameshaanza kutusafirisha, kwenye jiko letu la ghorofa ya tatu, ili tukiambiwa hapana tuwe tumeshafika.

Yule mama alivaa miwani. Hakuahidi kitu. Alisema tu, "Supu hiyo hata mwanangu huikimbia," akaita namba iliyofuata.

Tulisubiri kwa Ami siku tatu. Nilikiri kwa Baba rasmi. Alifungua daftari, akakata tisa, akaandika sifuri, akanipa kalamu nitie sahihi. Nassoro aliombwa aeleze habari ya kijiko nyuma ya kioo, na adhabu yake ilikuwa kuimaliza ile achari.

Siku ya nne simu ililia. Baba alikwenda na Ami, na tulikaa juu ya mabegi yetu tukisikiliza ngazi. Walirudi wakikimbia, miguu ya watu wazima wawili wakipanda ngazi za Batha mbiombio haisahauliki. Ami aliingia wa kwanza akapiga kelele isiyo na neno. Baba alizitupa pasipoti kitandani, mtu aliyekuwa hatupi hata risiti, na Mama akazifungua mojamoja: ya Baba, yake, ya Nassoro, yangu. Kila moja ilikuwa na karatasi yake ya viza yenye picha. Alizikagua tena kuanzia yangu kurudi nyuma. Nassoro alikuwa ameshapanda juu ya kitanda cha mtu. Nami nikapanda.

"Mama Nassoro," Baba alisema, hana pumzi, "sasa tutakwenda kufanya nini huko? Orodha nzima tumeshaila."

Mama alifunga pasipoti ya mwisho, akajifunga kanga kiunoni vizuri, kama anayeitwa kwenye shughuli.

"Twende tukaone," alisema, "kama na wao wanajua kupika."